Viatu vya kisigino kwa mwanaume wa Mwanza: cha kuanza nacho, cha kuacha dukani

Muuzaji wangu wa mitumba pale Mlango Mmoja alikuwa na swali moja kila nikiinua kiatu chenye kisigino: "Kaka, shemeji anavaa namba ngapi?" Mwanzoni nilikuwa naitikia tu, nanunua namba ya kubahatisha, halafu nikifika nyumbani kiatu kinanibana mpaka kucha zinalia. Siku niliyomjibu, "Ni changu, mimi navaa 43," alinitazama kidogo, akainama chini ya meza, akanitolea pea tatu ambazo hakuwa amezitandaza kabisa. Kumbe namba kubwa anazificha kwa kuwa hazina wateja. Na bei alishusha bila hata kuombwa.

Kwa hiyo kabla ya yote, sema ni chako. Hakuna muuzaji anayeweza kukupimia mguu wa mtu ambaye hayupo.

Orodha hii nimeipanga kwa kufuata ardhi ya mji wetu. Macho ya watu sikuyapa nafasi kubwa, maana nimeshaona kwamba watu wanatazama mwendo kabla ya kutazama kiatu. Ukitembea imara wanakuuliza umenunua wapi. Ukiyumba wanacheka, na wangecheka hata ungekuwa na raba. Sasa Mwanza, kama unavyoijua, imekaa juu ya mawe: vichochoro vya Mabatini ni kupanda na kushuka, mitaro iko wazi, mvua ya masika ikipita inaacha kokoto barabarani. Kisigino cha hapa lazima kijue kazi.

Namba moja: buti fupi yenye kisigino kipana, sentimita 4 hadi 5

Kama unanunua pea moja tu, nunua hii. Shingo ya buti inashika kifundo cha mguu, kisigino kina upana wa kukaa juu ya jiwe bila kuteleza, na kwa urefu huo uzito wako haujahamia sana mbele kwenye mzizi wa vidole. Utavaa kutwa nzima na jioni utaweza bado kupanda ngazi za nyumbani.

Atakayekwambia kisigino ni cha wanawake, mpe historia. Waliovaa kwanza viatu vya aina hii walikuwa wapanda farasi wa Uajemi, kwa sababu kisigino kinanasa kwenye kikuku, pale mpanda farasi anapokanyaga, na mpiganaji anaweza kusimama juu ya tandiko akavuta upinde. Wanaume wa Ulaya wakaiga katika karne ya 17. Mfalme Louis XIV wa Ufaransa alivipaka visigino vyake rangi nyekundu, na kwenye picha yake maarufu iliyochorwa na Hyacinthe Rigaud mwaka 1701 vinaonekana waziwazi, mguu ameutanguliza makusudi. Mimi farasi sina, lakini napanda bodaboda kutoka Buzuruga kila asubuhi, na nakuhakikishia kisigino kinakaa kwenye kikanyagio kama kilichongwa kwa ajili hiyo.

Pea yangu ya sasa niliipata kwa shilingi 35,000 baada ya kubishana sana, ngozi halisi, ya mtumba. Hapa kwenye mtumba kuna mtego ambao wengi hawaujui. Soli nyingi nyepesi za kisasa ni za poliurethani, na malighafi hiyo inaoza taratibu kwa unyevu hata kama kiatu hakijawahi kuvaliwa. Kiatu kinaweza kuwa kinang'aa juu, soli imeshakuwa biskuti. Bonyeza ukingo wa soli kwa ukucha wa kidole gumba, kwa nguvu. Kukibaki alama isiyorudi, au unga ukidondoka, rudisha mezani. Mimi soli iliniachia katikati ya barabara, kipande kimoja nikakiacha nyuma kama gari lililopoteza tairi.

Ukishamaliza soli, weka kiatu mezani ukitazame kwa nyuma: kisigino kisimame wima kama nguzo. Kisukume kwa pembeni kwa kidole, kikicheza hata kidogo misumari imelegea. Halafu kikunje kiatu. Kinatakiwa kikunjike penye vidole tu. Kikikunjika katikati ya wayo, basi kile chuma chembamba kinachokaa ndani ya unyayo kimevunjika au hakikuwekwa, na bila chuma hicho kisigino kitakuangusha.

Namba mbili: cha kushonewa na fundi

Ingekuwa namba moja kama mafundi wote wangekuwa sawa. Faida yake ni kubwa: unapata namba yako, upana wako, ngozi unayoitaka, na kisigino kinachokaa pale unapokanyaga. Mguu upimwe jioni, kwa sababu umeshavimba kwa shughuli za kutwa, na upime yote miwili.

Tatizo ni kalibu, lile umbo la mguu ambalo fundi hujengea kiatu juu yake. Fundi wengi wana kalibu za viatu vya kiume vya kawaida, zilizochongwa kwa kisigino kifupi cha sentimita mbili au tatu. Ukimwambia aongeze urefu, atakubali, maana fundi hakatai kazi, atapachika kisigino cha sentimita saba juu ya umbo lile lile. Matokeo yake ncha ya kiatu inainama chini, kisigino kinaegemea, na wewe unatembea kama unayeteremka mlima hata ukiwa sebuleni. Kiatu kikishaumbwa kwa urefu fulani, unaweza kuongeza au kupunguza kama sentimita moja, zaidi ya hapo mizani inaharibika. Kwa hiyo muulize: "Fundi, kalibu ya kisigino kirefu unayo?" Kama hana, usiagize zaidi ya sentimita nne. Wengine wanachukua kiatu cha kike cha namba kubwa kilichochakaa, wanakivua ngozi na kujenga kipya juu yake. Nimeona kazi nzuri ya aina hiyo, na malipo yake yalikuwa 60,000, nusu kabla nusu baada. Usilipe yote mwanzo.

Namba tatu: raizoni

Wazee wetu hawana haki ya kutucheka kwenye hili. Oktoba 1968 vijana wa TANU walipitisha azimio la Operesheni Vijana, vimini, mawigi na suruali za kubana vikapigwa vita kuanzia Januari 1969. Hazikupita siku nyingi vijana wa kiume wa miaka ya 1970 wakawa wanatamba mitaani na bugaluu, suruali pana chini, na raizoni, soli nene kama tofali mbele na nyuma. Mzee mmoja wa mtaani kwetu aliyekuwa akinisema kila Jumapili, siku moja alinionyesha picha yake ya ujana. Ameegemea gari, afro kubwa, raizoni hiyo. Tangu siku hiyo tunasalimiana vizuri.

Uzuri wa raizoni ni hesabu. Kisigino cha sentimita 9 chenye soli ya mbele ya sentimita 4, mguu wako unahisi mwinamo wa sentimita 5 tu. Urefu mkubwa, maumivu madogo. Ubaya ni kwamba huisikii ardhi. Soli nene haikunjiki, jiwe dogo linakupindua na hujui limetoka wapi. Ni cha lami, cha madukani, cha muziki. Cha kuteremkia kilima cha Bugando sicho.

Namba nne: kiatu cha kike cha kisigino kinene chenye mkanda wa kifundo

Mkanda ndio unaonunua hapa, zingatia hilo. Bila mkanda, mguu unachomoka kila hatua, na mtu anayeburuza kiatu hawezi kuonekana anajiamini.

Saizi ndiyo kazi. Madukani namba za kike nyingi zinaishia 41 au 42, na hata ukiipata 43 ya kike itakuwa nyembamba kuliko 43 ya kiume. Panda namba moja. Kwa vipimo vya Ulaya kila namba inaongeza milimita sita na kidogo. Mtumba wa Marekani una hesabu yake tofauti: mwanaume anayevaa 9 ya kwao atafute 10 na nusu au 11 ya kike. Urefu wa sentimita 6 hadi 7 unatosha. Ubaki na nafasi ya upana wa kidole mbele, kwa sababu kwenye mteremko mguu unasogea.

Na hapa niseme jambo la vilima. Kupanda mlima kisigino kinakusaidia, kinafuta sehemu ya mwinuko. Kuteremka ndiko kunakoua, mwinamo wa kiatu unajumlishwa na wa mlima. Teremka kwa upande, hatua fupi, usiinamishe kichwa kutazama miguu.

Namba tano: kisigino kilichojazwa

Kile ambacho soli na kisigino ni kitu kimoja, hakuna uwazi katikati. Hakizami kwenye tope, hakinasi kwenye wavu wa mtaro, na mlango wa chuma wa feri ya Kamanga utaupita bila wasiwasi. Lakini kikipinduka kinapinduka chote na kifundo chako ndani yake. Cha kitambaa au kamba ukinyeshewa, kwisha.

Kabla ya namba ya mwisho, suruali. Usipeleke suruali kwa fundi cherehani kabla hujanunua kiatu. Vaa kiatu, simama wima, akupimie upindo ushuke nyuma ya kisigino, ukiacha kama sentimita moja kutoka chini. Anayeanza atashukuru, kwa sababu kisigino kinaonekana kidogo tu na watu kwenye daladala wanabaki kujiuliza mbona leo umekuwa mrefu. Na mpe fundi viatu shilingi elfu chache abadilishe zile ncha za plastiki chini ya kisigino aweke mpira mgumu. Plastiki inagonga vigae kama nyundo na inateleza.

Namba sita: mchuchumio

Sentimita 10, kisigino kama penseli. Ninao mmoja, mweusi. Niliuvaa mara ya kwanza kwenye harusi ya ndugu upande wa Capri Point, bustanini, ziwa linaonekana, kila kitu kizuri isipokuwa sikufikiria kwamba bustani ni majani na majani yana udongo chini. Hatua ya tatu nikazama. Nikang'oa, nikazama tena. Wajomba wakaacha kula.

Shangazi wa bibi harusi ndiye aliyekuja akanishika mkono kama tunasalimiana, akaninong'oneza, "Mwanangu, kanyaga kwa vidole, kisigino kiache hewani. Sisi wote humu ndivyo tunavyofanya." Nikatazama bustani nzima. Kweli, wanawake wote walikuwa wanatembea hivyo, na mimi miaka yote sijawahi kugundua. Tangu siku hiyo nautoa kabatini Desemba tu, na huwa nauliza kwanza kama ukumbi una vigae.