Boksi jeupe la kufufua distribiuta: bushi chukua, rota tupa

Nianze na bei, maana najua wengi mnaangalia hapo kwanza. Shilingi 85,000 katika duka moja la spea mjini Moshi, kwa vipuri vya distribiuta, kile kifaa kinachogawia kila plagi cheche kwa zamu yake. Boksi ni jeupe, halina jina la mtengenezaji, limeandikwa tu kwa kalamu ya wino "25D". Ndani kuna bushi (pete ambamo shafti huzunguka), washa mbili, pini ya kikucha cha chini, springi mbili za advansi (za kuwahisha cheche mwendo ukipanda), pointi (swichi ndogo inayokatakata umeme wa koili), kondensa yake, rota (kidole kinachozunguka kugawa cheche), kifuniko na vile viwaya viwili vya ndani vilivyovikwa kitambaa. Karatasi ya maelekezo hakuna. Vimetengenezwa kwa ajili ya distribiuta ya Lucas 25D4, ile iliyofungwa kwenye Land Rover IIA za petroli, Morris Minor, Mini na MGB. Langu ni Land Rover IIA, 109, la mwaka 1968, injini ya lita 2.25. Linapanda na kushuka kati ya Himo na Marangu likibeba ndizi, mbolea, na wajukuu wasiokubali kukaa mbele.

Kwa ufupi: bushi ni nzuri kuliko nilivyotegemea, na vitu vya umeme vilivyowekwa pamoja nayo ni vya kubahatisha. Wangeuza bushi, washa na pini peke yake kwa 50,000 ningelipa bila kuomba nipunguziwe.

Kwa nini nahangaika na bushi? Kwa sababu gari la zamani likianza kumisi mlimani, mafundi wetu wana jibu moja: kabureta. Kabureta inafunguliwa, inapulizwa, inafungwa, unalipa, na kwenye kona ya kwanza baada ya Himo gari linakohoa vilevile. Fanyeni hivi kabla ya kumwita mtu. Vua kifuniko cha distribiuta, toa rota, shika ncha ya shafti kwa vidole, isukume kushoto na kulia. Ikicheza kiasi cha kuonekana kwa macho, iacheni kabureta ya watu ipumzike.

Mimi nilifundisha fizikia mpaka nikastaafu, kwa hiyo vidole havikunitosha. Nilichukua fila geji, vile vibati vya kupimia mapengo, nikapima pengo la pointi kwenye kila nundu ya kemu, yaani zile nundu za shafti zinazofungua pointi, zote nne. Kitabu cha gari kinataka inchi 0.014 hadi 0.016, yaani kama milimita 0.35 hadi 0.40. Nundu moja ilinipa 0.30, ya pili 0.45, na zilizobaki zikawa katikati. Pointi ni zilezile na skrubu haijaguswa, ila shafti inayumba. Maana yake kila silinda ina taimingi yake: moja inapata cheche mapema, nyingine inacheleweshwa, na ukizungusha distribiuta kuisaidia moja unaiumiza mwenzake. Hakuna skrubu ya kabureta inayotibu jambo hilo.

Kijana wa dukani alijaribu kunigeuza mawazo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mna bushi ya distribiuta ya Lucas?"

"Mama, siku hizi hakuna anayebadilisha bushi. Weka ya elektroniki, sahau habari ya pointi."

"Na shafti inayocheza nayo itasahau?"

Akacheka, akaenda nyuma, akarudi na boksi lenye vumbi. Hoja yake haikuwa ya kijinga, nitaifikia.

Kazi yenyewe unaweza kuifanya nyumbani ukiwa na vaisi, nyundo ndogo, ponchi nyembamba na subira. Kabla ya kugonga pini ya chini, angalia kikucha kinachoshika mhimili wa injini. Hakiko katikati ya shafti. Kimesogezwa upande mmoja makusudi, ili distribiuta iingie kwa mkao mmoja tu. Weka alama ya msumari kwenye kikucha na kwenye shafti, na chora rota inaangalia wapi. Ukikirudisha kinyume, distribiuta itaingia vizuri kabisa na kukaa kama inavyotakiwa, lakini rota itaangalia waya wa silinda ya 4 wakati ni zamu ya 1. Mpangilio wa injini hii ni 1-3-4-2, na rota huzunguka kinyume cha saa. Andikeni hilo ndani ya boneti kama mimi.

Bushi si shaba ya kawaida ya kukereza. Ni unga wa shaba na chuma ulioshindiliwa mpaka ukashikana, wenye vitundu visivyoonekana vinavyonyonya oili na kuitoa kidogo kidogo kadiri shafti inavyozunguka. Ndiyo maana maelekezo ya zamani ya Lucas yalitaka bushi izamishwe kwenye oili ya injini ya 30 au 40 kwa saa 24 kabla ya kufungwa. Mwenye haraka aliruhusiwa kuichemsha kwenye oili ya nyuzi 100 kwa saa mbili, kisha aiache ipoe humohumo. Nilifikiria kutumia kopo la oili ndani ya sufuria ya maji yanayochemka, lakini maji ya Marangu huchemka kabla hayajafika 100, tuko juu mno. Basi nikaitumbukiza kwenye kikombe, nikakifunika kwa kisahani, nikaendelea na shamba.

Jambo la pili ambalo boksi lisilo na karatasi halitakuambia: usimkubalie fundi wa kukereza aipanue bushi kwa rima. Akiipanua anaziba vile vitundu, na umenunua pete ya chuma isiyonyonya kitu. Bushi hii iliingia kwa vaisi, kwa kuvutwa taratibu kati ya bolti na washa mbili, na shafti ikaingia ikiwa ngumu kidogo. Nikaizungusha kwa mkono na oili mpaka ikalegea yenyewe. Kuna pia tundu dogo la kutolea oili ambalo lazima ulitoboe kwa drili nyembamba baada ya bushi kukaa, kwa kupitia tundu lililopo tayari kwenye mwili wa distribiuta. Safisha vumbi la chuma vizuri hapo. Shafti yenyewe iangalie pia: ukucha wa kidole ukikwama kwenye mfereji uliolika, bushi mpya ni kazi bure, tafuta shafti nyingine kwenye distribiuta mbovu. Yangu ilikuwa imeng'aa tu.

Nilipopima tena, nundu zote nne zilikuwa kati ya 0.36 na 0.38. Kwa bushi isiyo na jina, nawapa maksi tisa kwa kumi. Ile moja nimeikata kwa sababu ya karatasi.

Sasa springi. Zile mbili za kwenye boksi zinafanana kila kitu, na hapo tu utajua aliyezifunga hakuwahi kufungua 25D4. Zile za asili si pacha: moja ni nyembamba na inavuta mapema, nyingine ni nene na jicho lake ni refu, kwa hiyo haianzi kufanya kazi mpaka injini izunguke kwa kasi zaidi. Hizo mbili kwa pamoja ndizo zinazoamua cheche iwahi kiasi gani kwenye kila mwendo. Nilirudisha za zamani. Za boksi zimefunga mlango wa banda la kuku.

Rota ndiyo iliyoniudhi. Ni nyeusi, na kipande chake cha shaba kimeshikiliwa na riveti. Riveti hiyo inashuka karibu mno na springi ya kushikia shafti, na plastiki iliyobaki katikati ikiwa duni, umeme mkubwa wa koili unapita hapo kwenda kwenye bodi badala ya kwenda kwenye plagi. Hitilafu hii inajulikana sana kwa wenye magari ya Kiingereza. Kuipima ni rahisi: rota ikiwa mahali pake na kifuniko kimetolewa, washa swichi, shika waya mnene wa koili kwa koleo lenye mpini wa mpira, ncha yake ikae milimita chache juu ya shaba ya rota, kisha fungua pointi kwa bisibisi. Rota nzima haitavuta cheche. Hii ilivuta, ya buluu, mara kwa mara, gizani ilipendeza kama fataki za Idi. Fanyeni hivyo mbali na harufu ya petroli, tafadhali.

Kuna rota nyekundu zinazotoka Uingereza, hazina riveti, plastiki yake nene. Ndizo za kununua. Mpaka uipate, rudisha rota yako ya zamani ya Lucas kama haijapasuka.

Kondensa ilipima vizuri ikiwa baridi: 0.22 mikrofaradi, wakati inayotakiwa ni 0.18 hadi 0.24. Lakini kondensa haiishi baridini, inaishi ubavuni mwa injini. Nikaifunga kwenye mfuko wa nailoni, nyaya zikiwa nje, nikaitia kwenye chupa ya chai yenye maji ya moto. Baada ya muda namba kwenye mita zilianza kurukaruka. Ile ya zamani, ya miaka kabla sijaolewa, haikutikisika. Haya, nayo ikarudi kazini.

Pointi hazina tabu, ila hawakuweka hata tone la grisi ya kemu, na ukizifunga kavu kile kisigino chake kitalika na pengo litajifunga. Viwaya vya ndani ni vizuri, laini, vinapinda bila kuvunjika. Kifuniko kinatosha, ingawa vichwa vya ndani ni alumini badala ya shaba.

Kuhusu elektroniki ya yule kijana: inasaidia kweli, kwa kuwa haina pengo la kuyumba wala kisigino cha kulika. Lakini shafti mbovu ni mbovu, rota itaendelea kucheza na vyuma vya advansi vitaendelea kuyumba juu yake. Halafu IIA za mwanzo zina chanya ya betri kwenye bodi. Ukifunga moduli ya elektroniki iliyotengenezwa kwa gari lenye hasi kwenye bodi bila kuangalia, imekufa kabla hujapiga stata. Pointi zikinigomea njiani nazipiga msasa wa kiberiti na kufika nyumbani. Moduli ikifa njiani nimekaa.

Taimingi niliiweka digrii 6 kabla ya pistoni kufika juu. Gari sasa linapanda kutoka Himo kwa gia ya tatu mahali lilipokuwa likiomba ya pili, na likiwa saileni, limesimama injini ikizunguka, halitikisi kioo cha pembeni.

Nilipopita tena dukani kijana aliniambia bushi peke yake haagizi, wauzaji wa jumla hawamkatii boksi. Rota nyekundu anaweza kuleta kwa oda, 40,000, nusu unalipa kwanza. Nimeacha nusu.