Chai ya moshi kutoka Tongmu: uzoefu wangu na Lapsang Souchong

Kwetu Tanga chai ikinuka moshi, anayeulizwa ni mpishi. Kuni zilikuwa mbichi, sufuria haikufunikwa, mwaga upike nyingine. Kumbe iko chai ya bei ambayo moshi inatafutiwa kwa makusudi. Majani yake hulazwa juu ya moto wa misonobari hadi yakauke kabisa, na watu wameinywa hivyo kwa karne kadhaa. Nimekuwa nayo nyumbani tangu masika yaliyopita, na nataka kuieleza vizuri kwa sababu wengi wanaoijua wameuziwa ile isiyo yenyewe, wakaonja mara moja wakaapa hawarudii.

Nje ya China inaitwa Lapsang Souchong. Wenyewe huiita Zhengshan Xiaozhong, na kwao ni Tongmu, kijiji kilichomo ndani ya milima ya Wuyi, mkoa wa Fujian. Wachina huihesabu kuwa ndiyo chai nyeusi ya kwanza duniani, maana yake chai za Assam kule India, Ceylon (Sri Lanka), Kericho na Mufindi zote zimekuja nyuma yake. Mdogo wangu anafanya biashara Guangzhou, nikamwagiza aniletee ya Tongmu iliyofukizwa kwa njia ya zamani. Alilipa yuan 150 kwa gramu 50. Ukipiga hesabu ni zaidi ya shilingi 50,000 za Tanzania kwa pakiti inayoenea kiganjani. Kwa fedha hizo nyumba yenye watu wengi inakunywa majani ya dukani miezi na miezi, kwa hiyo ni haki kuuliza kilichomo.

Nilipokata pakiti, harufu ilikuwa ya upole kuliko nilivyotarajia. Majani ni meusi, mazima, yamesokotwa membamba na yana mng'ao wa mafuta kwa mbali. Ukiyatia kwenye birika lililopashwa moto, bado makavu, na kufunika kwa muda mfupi, ndipo yanapojieleza: kwanza utomvu wa msonobari, halafu utamu wa tunda lililokaushwa. Wanaoijua husema ni utamu wa longani kavu. Longani ni tunda la ukoo mmoja na shokishoki letu, ila likikaushwa hugeuka jeusi, na ladha yake inaelekea kwenye zabibu kavu na sukari guru. Hiyo ndiyo ladha inayotangulia kinywani. Rangi ya kikombe ni wekundu wa kaharabu, na ukiinamia mwanga unaona mstari wa dhahabu kuzunguka ukingo. Ukakasi hakuna kabisa. Moshi unakuja mwisho, ukishameza, tena unakujia puani. Kitu cha karibu zaidi ninachokijua ni maji ya mtungi uliofukizwa ubani: unachokunywa ni maji, lakini kuna kingine kinachoandamana nayo na hukioni.

Baada ya kunywa nilimwaga majani kwenye sahani na kuyakunjua kwa kidole. Yalikuwa majani kamili, laini, ya rangi ya shaba, mengine yakiwa bado na kikonyo. Sisi tuliokulia kwenye majani ya chengachenga, yaliyokatwa na kuchanwa kwa mashine ili yatoe rangi upesi, hatuzoei kuona jani la chai likiwa na umbo lake. Hata mti wenyewe ni wa jamii tofauti. Mashamba yetu ya Afrika Mashariki, tangu chai ilipopandwa Limuru, Kenya, mwaka 1903, yametegemea zaidi jamii ya Assam yenye majani mapana. Ya Tongmu ni vichaka vya majani madogo vilivyotokana na mbegu za pale pale mlimani, vinaota katikati ya msitu na ukungu.

Kazi yake ndiyo iliyonifanya niiheshimu. Majani huchumwa mwishoni mwa Aprili na mwezi Mei, yakiwa yamekomaa kidogo. Kijijini kuna majengo ya mbao ya ghorofa kadhaa, huitwa qinglou, na moto wa msonobari huwashwa chini. Joto na moshi vinapanda kupitia sakafu zenye nafasi. Juu kabisa hutandazwa majani mabichi yanyauke, kwa sababu kule mlimani mvua na ukungu haviruhusu kuanika juani. Yakinyauka husokotwa, yakaachwa yachachuke hadi yawe mekundu, kisha hupitishwa haraka kwenye karai la moto mkali ili uchachukaji ukome na utamu ubaki. Yanasokotwa tena, halafu yanatandazwa kwenye nyungo za mianzi na kurudishwa ndani ya jengo, safari hii ghorofa ya chini, karibu na moto, yakauke taratibu kwa saa nyingi. Kwa hiyo moshi umo tangu jani likiwa bichi, mpaka mwisho. Hapo ndipo tofauti ilipo na chai iliyoingiliwa na moshi jikoni: huku kuna fundi anayekaa macho, anajua aongeze kuni lini na apunguze lini.

Wenyeji wana kisa cha mwanzo wake. Wakati utawala wa Ming unaporomoka na wa Qing unaingia, katika karne ya 17, jeshi lilipita Tongmu msimu wa kuchuma na askari wakalala juu ya magunia ya chai. Walipoondoka majani yalikuwa yameshageuka rangi. Wakulima, kuliko kupata hasara ya msimu mzima, wakayakausha haraka kwa kuni za msonobari zilizokuwapo, wakayapeleka sokoni, na mwaka uliofuata wanunuzi wakayaulizia. Ni simulizi, lakini kuhusu alikoishia bidhaa hii hakuna ubishi. Waingereza waliziita chai nyeusi za Wuyi "Bohea", na usiku ule wa Desemba 1773 wananchi wa Boston, Marekani, walipotupa baharini makasha 340 ya chai wakipinga kodi ya Waingereza, 240 yalikuwa ya Bohea na 10 ya Souchong. Kesi kubwa ya kodi iliyozaa taifa la Marekani ilibebwa na majani yaliyotoka kwenye milima hii. Mwaka 1849 Mskochi Robert Fortune akapanda hadi Wuyi akiwa amejivika nguo za Kichina, akikusanya miche na ujuzi kwa niaba ya Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki ili chai ilimwe India. Mimi nikinywa huwa nafikiria hilo: chai yetu ya asubuhi, na hata ukoloni wa mashamba yake, una shina kule.

Sasa nije kwenye ile isiyo yenyewe. Kabla ya pakiti hii nilikuwa na kopo nililonunua mtandaoni kwa muuzaji wa Ulaya, limeandikwa jina hilohilo. Ukifungua kifuniko, sebule nzima inanuka ghala lililoungua. Majani yalikuwa makubwa na yamekatikakatika, chai yenyewe haina utamu wowote, moshi umeikalia juu yote. Nyingi za namna hii zimetengenezwa nje ya Tongmu kwa majani hafifu, na moshi hutumika kufunika. Nilimwandikia muuzaji kuuliza majani yametoka wapi, jibu halikuja. Kuna na suala la afya: Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha miligramu 0.02 kwa kilo cha kemikali iitwayo antrakinoni kwenye chai, na moshi wa kuni ni mojawapo ya vyanzo vyake. Chai zilizofukizwa sana zimekuwa zikikwama hapo. Kwa hiyo anayekuuzia chai ya moshi muulize imetoka kijiji gani, ya msimu upi, na imepimwa au la. Akikujibu kwa sifa tupu, achana naye.

Bei ya ile halisi ina sababu zake. Milima ya Wuyi imo kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 1999, kwa mazingira yake na kwa utamaduni wake pia, na Tongmu iko ndani ya hifadhi. Mashamba hayawezi kutanuliwa hovyo, wala msonobari haukatwi utakavyo, basi hata moshi wenyewe umekuwa adimu. Kijiji sasa kinatoa pia chai isiyofukizwa, na mwaka 2005 ikazaliwa pale Jin Jun Mei, ya machipukizi matupu, nusu kilo moja ikila machipukizi makumi ya maelfu. Hiyo nimeionja dukani kwa rafiki. Ni tamu, ina asali, lakini kwa bei yake mimi nabaki na ya moshi, ambayo ndiyo yenye historia mdomoni.

Namna ya kuitengeneza: usiichemshe kwenye sufuria. Chemsha maji peke yake, tia kijiko kimoja kikubwa cha majani kwenye birika dogo la kauri, mimina, subiri dakika 2, chuja yote. Majani hayohayo yatavumilia maji ya pili na ya tatu, na kwangu ya pili ndiyo bora, moshi umetulia na utamu umejitokeza. Sukari haihitaji. Maziwa nimejaribu na hayapatani nayo, utamu wa tunda unazama na unabaki na maziwa yaliyoungulia. Tangawizi na iliki vilevile viachie chai yetu, hapa vitagombana na msonobari. Kinachokwenda nayo ni tende, au kipande cha halua, hasa saa kumi jioni watu wakiwa wametulia.

Kasoro ninayoiona kubwa ni ufungaji. Pakiti ilikuwa ya karatasi ya fedha isiyo na zipu, na haina tarehe ya kuvuna inayosomeka. Nililazimika kuihamishia kwenye kopo la bati lenye mfuniko wa kubana, nawe uihamishe mapema, maana harufu yake huingia kwenye unga, mchele na kila kilicho jirani kabatini.

Kwa mtu anayetaka chai nzito ya maziwa ya kuamshia asubuhi, fedha hii itampotea. Kwa anayekunywa chai ya rangi bila sukari na ana subira ya birika dogo, ninaipa nyota nne na nusu kati ya tano, nusu iliyopungua ni kwa ajili ya pakiti. Anza na gramu 25 kama muuzaji anakubali kupima. Mimi nimeshamwambia mdogo wangu mavuno ya Mei yakitoka aniwekee nyingine, na aulize mwaka wa kuvuna kabla hajalipa.