Duka la vitabu la Mwalimu, Nakuru: nenda, lakini usiende na haraka

Bei ya vitabu vipya hapa ni ile ile ya mji mzima, kwa hivyo anayetafuta bei ya kutupa asijisumbue. Tangu sheria ya kodi ya VAT ya 2013 ianze kutoza vitabu asilimia 16, muuzaji mdogo hana nafasi kubwa ya kukupunguzia. Kinachonipeleka kwa Mwalimu ni kwamba anavijua vitabu anavyouza, halafu kuna zile rafu za nyuma, ambazo nitazifikia.

Duka liko barabara ya nyuma ya Kenyatta Avenue, ukielekea Bondeni. Ni chumba kimoja chembamba kirefu, na varanda imegawanywa kati ya fundi wa viatu na mama wa chai. Mwenye duka alifundisha shule ya msingi kabla ya kurithi biashara ya babake, ndiyo maana hata wazee waliomzidi umri wanamwita Mwalimu. Kuna watu wazima mtaani walionunuliwa hapa vitabu vya darasa la kwanza wakati mfumo wa elimu wa 8-4-4 ungali mpya, na sasa wanaleta watoto wao.

Nilimkuta siku moja na mama aliyekuja na kitabu cha hisabati alichouziwa kwingine kwa bei ya chini. Mwalimu hakumcheka. Alichukua nakala halisi kutoka rafuni, akaviweka vyote viwili kwenye kaunta na kufungua ukurasa mmoja. Katika ile ya bandia wino ulikuwa umetapakaa, tarakimu za chini za sehemu hazisomeki, na ukurasa umekatwa upande hadi nambari yake imebaki nusu. Akakunja uti wa kitabu kidogo tu, karatasi mbili zikachomoka na gundi yake. "Sasa mama, hapa mtoto atasoma tatu badala ya nane, halafu useme hesabu imemshinda." Hakumlazimisha kununua kingine. Mama alilipa kidogo, jina likaandikwa daftarini, kitabu kikawekwa kando hadi amalize.

Hilo daftari ndilo linalowashikilia wazazi wengi wa hapa. Wanaanza kuweka pesa muhula wa tatu, mia leo, mia mbili mwisho wa mwezi, na Januari ikifika wanakuja kuchukua tu. Hakuna riba, hakuna fomu. Wanaochelewa anawatumia salamu kupitia fundi wa viatu, anayejua kila mtu anakoishi.

Sasa rafu za nyuma. Huko ndiko kuna vitabu vilivyosomwa, na unaweza kubadilisha: unaleta riwaya yako, Mwalimu anaipekua ukurasa kwa ukurasa, anaandika bei kwa penseli ndani ya jalada, nawe unachagua nyingine na kuongeza hamsini au mia. Pesa taslimu hakupi. Mimi napenda zaidi tamthilia za zamani zilizotahiniwa, zile ambazo wanafunzi walizijaza kalamu nyekundu pembeni: tashbihi, jazanda, taharuki. Ninayo moja ambayo mwenyewe wa kwanza aliandika "kinaya!" karibu kila ukurasa, na mara nyingi alikuwa sahihi. Kitabu kipya hakikupi mwenzako wa kusoma naye namna hiyo.

Vitabu vya Darasa la Nane usivibebe. KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ilifanywa mara ya mwisho 2023 na Mwalimu havibadilishi tena, hata ukimwambia ni vipya kabisa. Watu hugombana naye kwa hili, lakini atamuuzia nani? Kamusi na atlasi bado anazipokea. Vingine vinaishia kwa mama wa chai, kwa hivyo usishangae mandazi yako yakifungwa kwa ramani ya Bonde la Ufa.

Pigo kubwa, nadhani, lilikuwa 2018, serikali ilipoanza kupelekea shule za umma vitabu moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji. Oda za shule nzima nzima zilikauka. Duka linaishi kwa madaftari, manila, karatasi za marudio, Kurani, na Biblia za Kikuyu, Kijaluo na Kikalenjini zilizopangwa rafu moja, jambo ambalo kwa Nakuru ni busara ya biashara tu. Mji huu ndio ulioanzisha supamaketi za Nakumatt kutoka duka la magodoro, ikatapakaa Afrika Mashariki, na 2020 wadai wake wakapiga kura ifungwe. Kwa Mwalimu bado kuna taa. Moja, lakini ipo.

Na taa hiyo ndiyo lalamiko langu la kwanza. Rafu za chini huwezi kuzisoma bila tochi ya simu. La pili: ukiagiza kitabu ambacho hakipo, "wiki ijayo" yake ni ndefu, na ujumbe wa WhatsApp hujibu akikumbuka. La tatu ni mahubiri. Muulize kitabu cha mitihani cha mtoto wa chekechea uone. Atakupa kitabu cha hadithi, akusomeshe wewe kwanza, na foleni nyuma yako isikilize. Nyota moja naiondoa kwa hayo, nne zinabaki.

Malipo ni taslimu au M-Pesa. Jumapili hafungui. Ijumaa msaidizi wake huenda kuswali, kwa hivyo kati ya saa saba na saa nane mchana Mwalimu yuko peke yake na foleni haisogei. Kama una vitabu vya kubadilisha, vipeleke katikati ya muhula. Wiki ya kufungua shule hata hatavitazama.