Jeli ya benzoili peroksaidi kwenye kiangazi cha Mwanza: ipi ununue, na uipakeje ngozi isibabuke

Kwa chunusi za kawaida, zile zenye usaha na zinazouma ukizigusa, jeli ya benzoili peroksaidi ndiyo ya kwanza kuiulizia famasi. Tunaipa alama nne kati ya tano. Moja tumeikata kwa sababu inakausha ngozi, na kiangazi cha Mwanza hakisamehe ngozi iliyokauka. Wengi wanaoitupa wiki ya pili wakisema "imeniunguza" walikuwa na dawa sahihi mkononi. Walikosea nguvu, walikosea kiasi, au hawakuwa na losheni ya kuiambatanisha nayo.

Tuanze na hali ya hewa, maana ndiyo inayoharibu mambo. Kati ya Juni na Agosti mvua huwa imekatika, na upepo wa msimu huu hutoka kusini-mashariki, ukiwa umepita nchi kavu ya Shinyanga na Simiyu kabla haujafika ziwani. Ziwa lipo pale mbele yako, lakini hewa ya mchana mjini ni kavu na ina vumbi. Maji yanatoka kwenye ngozi haraka kuliko yanavyorudi, miguu inapauka, midomo inapasuka. Mafuta ya asili ya uso hayapungui kwa kiasi hichohicho, kwa sababu tezi zake zinaendeshwa zaidi na homoni. Ndiyo maana mtu anakuwa na paji la uso linalong'aa na mashavu yanayobabuka siku hiyohiyo, huku chunusi zikiendelea kutoka.

Hapo ndipo krimu nzito za kutoka Ulaya, zilizoandikwa kwamba ni za majira ya baridi, zinapowaangusha watu. Zilitengenezwa kwa ajili ya hewa ya baridi kali isiyobeba unyevu, na kwa nyumba zenye vipasha joto vinavyozidi kuikausha. Mtu wa huko hatoki jasho Januari. Wa Mwanza saa saba mchana anatoka jasho, vumbi linamganda, na yuko nyuzi mbili na nusu tu kutoka Ikweta. Krimu ile ikikaa usoni kwake, baada ya wiki chache vinaanza vipele vidogo vigumu visivyo na usaha kwenye mashavu na taya. Iache kwenye kopo lake, au itumie kwenye visigino.

Sasa jeli yenyewe. Inapatikana kwa nguvu tatu: asilimia 2.5, 5 na 10. Mteja akiona 10 anadhani ndiyo itakayomaliza kazi, na hapo anapoteza hela na ngozi. Kwa chunusi za usaha, 2.5 inafanya kazi karibu sawa na 10, ila 10 inababua zaidi. Kwa ngozi nyeusi hilo si jambo dogo, kwani kila palipoungua hubaki doa jeusi linaloweza kukaa miezi mingi baada ya chunusi yenyewe kupona. Nunua 2.5. Ukiikosa, chukua 5. Ya 10 tunaikubali mgongoni na kifuani tu, tena kwa kupaka, kusubiri dakika 5, kisha kuisuuza bafuni.

Kabla ya kulipa, geuza boksi usome viambato. Alkoholi ikiwa miongoni mwa vitu vitatu vya kwanza, jeli hiyo itakukausha maradufu. Tafuta ambayo maji ndiyo ya kwanza. Angalia pia tyubu ilikuwa imekaa wapi. Lebo nyingi zinataka dawa hii ihifadhiwe chini ya nyuzi 25, na joto kali huivunja na kuzalisha benzini, kemikali inayohusishwa na saratani ya damu. Tyubu iliyopangwa kwenye kioo cha mbele kinachopigwa na jua la mchana usiichukue hata kama tarehe yake bado. Nyumbani nako, chumba cha bati hupita nyuzi 30 kirahisi, kwa hiyo iweke chini, kwenye kabati lisilo upande wa jua. Usiiache ndani ya gari.

Kazi yake ni kupenya kwenye kitundu cha ngozi na kutoa oksijeni inayoua bakteria wa chunusi, Cutibacterium acnes. Tofauti na krimu za antibayotiki, bakteria hawaizoei, na hii kwetu ndiyo sifa yake kubwa. Ukiandikiwa klindamaisini, antibayotiki ya kupaka, bila benzoili peroksaidi pembeni, muulize daktari kwa nini, kwa sababu klindamaisini ikitumika peke yake usugu hujitokeza.

Upakaji ufanyike usiku. Osha uso kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, ukaushe kwa kugusagusa na kitambaa bila kusugua, halafu subiri dakika 10 hadi 15. Ngozi yenye majimaji hupitisha dawa nyingi kwa mkupuo na hapo ndipo uso unapowaka moto. Ngozi ikikauka, paka losheni nyepesi, iache inywewe, kisha chukua jeli kiasi cha njegere moja kwa uso mzima. Weka vidoa paji la uso, mashavu mawili na kidevu, usambaze. Ipake eneo lote linalotoa chunusi, siyo juu ya kipele kimoja kimoja, kwa sababu inazuia vinavyokuja kuliko inavyokausha vilivyokwisha kutoka. Usiipeleke kwenye kope, kona za pua wala kona za mdomo. Sehemu hizo tatu zipakwe kwanza mafuta ya mgando kidogo, yatazikinga.

Ukiona jeli inajiviringa usoni na kutoa vijitonge vyeupe kama vumbi la raba ya kufutia, losheni ya chini haijanywewa au umeweka nyingi. Futa, subiri, anza upya na kiasi kidogo.

Wiki 2 za mwanzo paka usiku mmoja, ruka mmoja. Kabla ya hapo ijaribu chini ya taya kwa usiku 3. Kuchoma kidogo, kukauka na kubabuka kwa vipande vyepesi ni kawaida na hupungua ngozi ikizoea. Kuvimba macho, kuwashwa kupita kiasi au kutoka malengelenge si kawaida: huo ni mzio, acha moja kwa moja na usirudie hata kwa nguvu ndogo. Matokeo yanaanza kuonekana vizuri kati ya wiki ya 8 na ya 12. Ukikadiria jeli hii kwa siku kumi, utaihukumu bure.

Na nguo! Jeli hii inachubua rangi ya kitambaa, na hairudi. Kanga, kitenge, mtandio, kola ya shati la kazini, foronya ya rangi, vyote vitaota madoa mekundu-njano au meupe. Tumia foronya nyeupe na taulo nyeupe, osha mikono baada ya kupaka, na asubuhi nawa uso kabla ya kujitanda.

Losheni ndiyo nusu ya pili ya matibabu, na nusu hii ndiyo rahisi zaidi mfukoni. Gliserini ya kichupa kidogo ya famasi inashinda vipodozi vingi vya bei kubwa, mradi usiipake ikiwa safi kwenye ngozi kavu. Gliserini huvuta maji. Hewa ikiwa haina unyevu, itayavuta kutoka chini ya ngozi yako, na ndiyo sababu watu wanalalamika kwamba "inakausha". Weka matone 2 au 3 kwenye kiganja kilicholowa, paka uso ungali na unyevu, kisha funika na losheni nyepesi. Ukitaka kuichanganya, kijiko 1 cha gliserini kwa vijiko 4 vya maji yaliyochemka na kupoa, na mchanganyiko huo usipite siku 3, maana hauna kitu cha kuzuia vijidudu.

Losheni ya juu iwe isiyo na manukato, yenye gliserini na dimethikoni. Ikiwa na isopropili miristati au siagi ya kakao, usiipeleke usoni. Mafuta ya nazi tunayapenda kwenye nywele na miguu. Usoni kwa mwenye chunusi yanaziba. Hata ya nywele yatazame vizuri: vipele vilivyojipanga mstari mmoja pale nywele zinapoanzia mara nyingi vinatokana na mafuta ya kusukia yanayoteremka na jasho.

Mafuta ya mgando yanasingiziwa. Hayazibi vitundu kama watu wanavyosema, na hakuna kinachozuia maji kutoroka kwenye ngozi kuliko hayo. Shida yake mchana wa Mwanza ni kwamba yanashika vumbi na jasho. Kwa hiyo usoni yawe ya usiku na ya kona tulizotaja, na mwilini yapake ndani ya dakika 3 baada ya kuoga, mikono na miguu ikiwa bado na unyevu. Visigino vilivyopasuka vinahitaji krimu ya urea ya asilimia 10 au zaidi chini yake.

Sabuni ya mche ni ya nguo. Sabuni za mche na nyingi za kipande zina pH (kipimo cha uchachu au ualkali) ya 9 hadi 10, wakati ngozi yenye afya iko karibu na 5, na kunawa nayo mara nne kwa siku "kutoa mafuta" kunaibomoa ngozi ambayo dawa itakuja kuichoma usiku. Kunawa ni asubuhi na jioni, basi. Dodoki lisiguse uso. Ndimu usoni halafu jua la saa sita inaunguza hasa, inaacha malengelenge na weusi. Dawa ya meno nayo iache kwenye mswaki.

Jambo linalotuuma zaidi ni mkorogo. Krimu nyingi za kung'arisha zinazouzwa bila lebo ya kueleweka zina steroidi kali kama klobetasoli, na nyingine zina zebaki au haidrokwinoni, vitu vilivyopigwa marufuku kwenye vipodozi nchini. Steroidi hutuliza chunusi wiki ya kwanza, ndiyo maana muuzaji anaonekana bingwa. Baadaye vinatoka vipele vingi kwa mkupuo, vyote vya hatua moja, ngozi inakuwa nyembamba, vinyweleo vinaota mashavuni, na ukiacha ghafla uso unalipuka. Jeli hii haitakusaidia katika hali hiyo. Unahitaji mtaalamu wa ngozi akusimamie namna ya kuiacha krimu ile. Usikubali kuchanganyiwa kitu kwenye kikopo kisicho na jina, hata na mtu unayemwamini.

Kuna wengine ambao jeli hii si yao. Vipele vidogo vya saizi moja vinavyowasha kwenye paji la uso, kifua na mgongo mara nyingi ni fangasi. Vipele vya kidevuni kwa wanaume wanaonyoa kwa wembe ni nywele zilizojikunja na kuingia ndani, na tiba yake kubwa ni kubadili namna ya kunyoa. Wenye chunusi ndogo nyeusi na nyeupe zisizo na usaha watapata zaidi kwa jeli ya adapaleni ya asilimia 0.1. Hiyo nayo hupakwa kwa kiasi cha njegere usiku, huanza kwa kuzidisha vipele kabla ya kupunguza, na haitumiki kwa mjamzito. Inaweza kutumika pamoja na benzoili peroksaidi, tofauti na dugu yake tretinoini ya kawaida ambayo huharibiwa nayo. Ila kiangazi usizianze zote mbili wiki moja. Anza na moja, ya pili iingie baada ya mwezi. Na mchana, losheni ya kukinga jua ya SPF 30 au kofia pana.

Kama kuna mafundo makubwa yanayouma chini ya ngozi, kama makovu ya mashimo yameanza, au kama miezi 3 imepita bila nafuu, acha kununua tyubu. Nenda hospitali ya mkoa ya Sekou Toure ukaanze nao, na ikilazimu watakuandikia rufaa hospitali ya Bugando. Ukimpata mtaalamu aliyesomea kituo cha magonjwa ya ngozi cha hospitali ya KCMC, Moshi, uko mikono salama; kituo kile kimekuwa kikifundisha watu wa kada hiyo tangu 1992. Ukipewa vidonge vya antibayotiki vya doksisaikilini, ujue inaifanya ngozi iungue na jua upesi. Ukipewa vidonge vya isotretinoini, midomo itakauka sana, na kwa mwanamke uzazi wa mpango ni lazima kwa sababu inaharibu mimba.

Tyubu ya gramu 30, kwa kiasi cha njegere kila usiku, inakaa karibu miezi miwili. Mvua za Oktoba zikianza na hewa ikapata unyevu, punguza losheni ya usiku kwanza, kisha yaache mafuta ya mgando usoni. Jeli iendelee kwa kiasi kilekile.