Kitabu cha MTUHA au kubisha hodi kaya kwa kaya?

Ukitaka kujua kwa nini akina mama na watoto wachanga wanafariki huku kandokando ya Ziwa Victoria, njia ni mbili.

Ya kwanza ni vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Viko kila zahanati na gharama yake ndogo: muuguzi wa zamu anaandika saa ya kujifungua, uzito wa mtoto, hali ya mama. Shida ni kwamba huyohuyo ndiye anayezalisha. Saa tisa usiku, wajawazito wawili, tochi ya simu mdomoni. Uzito utajazwa asubuhi, kwa kukumbuka. Na aliyejifungulia kwenye mtumbwi akitoka kisiwani hayumo kabisa.

Ya pili ni kufuatilia kaya, kama NIMR Mwanza (tawi la Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) walivyoanza Kisesa, wilayani Magu, mwaka 1994. Mdodosaji anabisha hodi, anahesabu waliozaliwa, waliohama, waliofariki. Penye msiba anarudi siku nyingine, anakaa kwenye kigoda, anauliza taratibu: alivuja damu? Homa ilianza lini? Mtoto alilia? Hapo ndipo vifo visivyofika hospitali vinapoonekana. Ila ni ghali, na eneo ni moja tu; Kisesa iko barabara ya Musoma, haiwezi kukisemea kisiwa cha Ukara.

Mimi, fedha ikiwa kidogo, ningeanza na vitabu: karani wa takwimu kwa kila kituo cha afya, muuguzi abaki na wanaojifungua. Wafadhili, najua, hupenda ile ya pili. Inatoa makala nzuri.