Fundi wa programu wa Kabwe: alifungua invoisi iliyogoma bila kutupotezea kitu

Nafanya hesabu kwenye duka la pembejeo hapa Mwanjelwa. Anayeijua Mbeya anajua Novemba ilivyo: mvua za kwanza zikishanyesha, kila mtu anataka mbolea siku ileile. Na siku kama hiyo ndipo kompyuta ya kaunta ikatuambia rekodi imefungwa na mtumiaji mwingine, haibadilishiki. Ilikuwa invoisi ya kikundi cha wakulima wa viazi kutoka Isongole, mifuko 40 ya DAP. Hela wameshalipa, Canter inasubiri nje, mawingu yanajikusanya upande wa Loleza.

Msimu uliopita fundi mwingine aliitatua shida hii kwa kuzima mashine zote kwa mpigo. Rekodi ilifunguka kweli, ila mauzo yaliyokuwa hayajahifadhiwa yakaenda na maji. Nilikaa mpaka saa 3 usiku nalinganisha risiti za karatasi na mifuko ya stoo, mmoja mmoja. Sikutaka kurudi huko, ndiyo maana safari hii nikampigia huyu wa Kabwe.

Alipofika hakugusa kitu. Aliuliza kwanza, "Dada, kina nani wanaingia kwenye hii programu?" Nikamtajia: kaunta mbili, ofisi na ghala.

Programu yetu imejengwa kwa Access, ile ya Microsoft ya kutunzia data, na faili la data linakaa kwenye kompyuta ya ofisini. Pembeni ya faili hilo huwa kunajitokeza kifaili kingine chenye jina lilelile, kinachoishia na laccdb. Alinionyesha kwamba ndani yake yanaandikwa majina ya kompyuta zilizoingia. Akanitahadharisha kuwa jina kuwemo si lazima mtu awe bado yumo. Laweza kubaki hata baada ya kutoka. Kwa hiyo tukazunguka mashine moja baada ya nyingine, kwa miguu.

Tuliikuta ghalani. Laptop iko wazi juu ya katoni za mbegu za mahindi, invoisi ya Isongole iko kwenye skrini, na pembeni ya mstari kuna kijialama cha kalamu. Kwetu kaunta mstari huohuo ulikuwa na kiduara kilichokatwa. Kalamu maana yake mtu anaandika hapa na hajahifadhi. Kiduara maana yake mwenzako ndiye ameushika. Kwenye safu ya mifuko iliyotolewa kulikuwa na 4 peke yake. Mtunza ghala aliitwa kushusha mzigo kabla hajamalizia sifuri.

Mimi nilishapeleka kidole kwenye Esc, kitufe kinachofuta kisichohifadhiwa. Fundi akanizuia: "Subiri dada, mwenyewe aje aseme alikuwa anaandika nini." Akaitwa, akaja amejaa vumbi, akaweka 0, akahifadhi. Kaunta ikafunguka hapohapo. Mzee wa kikundi alimshika fundi mkono kwa mikono yake miwili, "Ndaga fijo, mwanangu," yaani asante sana kwa Kinyakyusa.

Angeweza kuchukua hela yake akaondoka. Nikamwambia kuna kinachonisumbua zaidi: mara nyingine rekodi inafungwa na hakuna hata mmoja aliyeifungua. Alikaa karibu saa nzima kwa ajili ya hilo. Kumbe mipangilio yetu ilikuwa inafunga ukurasa mzima wa data, kilobaiti 4, siyo mstari mmoja. Mtu akihariri invoisi ya mteja huyu, za majirani zake waliomo kwenye ukurasa huo zinagoma pia. Akabadilisha ifunge rekodi moja moja, kwenye kila mashine. Akagundua pia kwamba watumiaji wa kaunta hawakuwa na ruhusa ya kufuta kitu kwenye folda la faili la data, hivyo kile kifaili cha laccdb, ambacho hutakiwa kujifuta wa mwisho akitoka, kilikuwa kinabaki siku zote. Na laptop ya ghala akasema iache Wi-Fi, ivutiwe kebo, kwa sababu mtandao ukikatika mtu yumo katikati ya kuandika, faili zima laweza kuharibika. Kebo tumevuta wiki hiyohiyo.

Kasoro yake ni muda. Aliahidi saa 5 asubuhi, akafika saa 8 mchana, na simu mbili hakupokea. Kwa duka lenye foleni hilo linauma, na nilimwambia. Bei ni Sh 70,000. Kwangu ni halali kabisa, maana yule wa kwanza alichukua 30,000 na hasara akaniachia mimi.

Ukimwita, mwandalie orodha ya kompyuta zote na nani anakaa wapi, na mtunza ghala asiende mbali.