Kununua kurta ya chikankari: ipi itangulie, ipi uiache

Chikankari ni nakshi ya mkono ya Lucknow, kaskazini mwa India, na tangu 2008 jina hilo limesajiliwa huko India kuwa mali ya eneo hilo. Sokoni ni hadithi nyingine: kurta nyingi (mashati marefu ya Kihindi) zinazouzwa kwa jina hilo zimetarizwa kwa mashine. Kabla ya kuuliza bei, igeuze nguo uone upande wa ndani. Kazi ya mkono ina vifundo, vimkia vya uzi na tofauti ndogo baina ya ua na ua. Ya mashine ina uzi wa bobini uliopita sare kila mahali, pengine na mabaki ya karatasi iliyoshikilia kitambaa.

1. Melimeli ya pamba yenye bakhiya. Kwa wengi, anzia hapa. Bakhiya hushonwa kwa nyuma, uzi ukipishana ndani ya jani. Mbele hubaki mistari miwili ya mishono midogo, na katikati kivuli cha uzi kinachoonekana kupitia kitambaa chepesi. Kivuli chenye mapengo maana yake mshonaji aliharakisha. Nyuzi ndefu zilizolegea huko nyuma zitanaswa na bangili siku ya kwanza tu. Pamba hurudi ikifuliwa, basi usichukue iliyokubana.

2. Jojeti ya viskosi, yaani kitambaa chepesi cha uzi unaotengenezwa kutokana na mbao. Ya harusini. Viskosi na uzi wa pamba hunywa rangi ileile, ndiyo maana nguo hutarizwa nyeupe kisha ikatiwa rangi. Poliesta haishiki rangi hiyo. Ukitilia shaka, omba kiuzi kutoka kwenye pindo ukichome: viskosi huacha majivu laini, poliesta huyeyuka na kuganda kitone kigumu. Hesabu pia gharama ya bitana, kwa sababu jojeti inaonyesha mwili.

3. Murri, phanda na jaali. Kwa ufundi hii ndiyo ya juu kabisa. Imeshuka hapa kwa sababu ya bei tu. Murri ni kifundo chenye umbo la punje ya mchele, phanda ni cha mviringo kama mtama, na vyote hujaa katikati ya ua. Jaali, yaani matundu kama ya wavu, ndiyo kipimo cha fundi: hakuna uzi unaokatwa wala kuchomolewa, sindano hutenganisha nyuzi za kitambaa na mishono midogo huzibana zisirudi. Inyanyue kwenye mwanga. Tundu lenye kingo zilizokatwa si jaali.

4. Mchanganyiko. Mwili kwa mashine, shingo kwa mkono. Si dhambi, mradi bei iseme hivyo.

5. Poliesta ya mashine. Ilipe kama blauzi yoyote ya dukani.

Usishtuke ukiona mistari hafifu ya buluu. Michoro hupigwa kwanza kwa mihuri ya mbao na rangi ya kutoka kwa maji, na mstari uliobaki ni ufuaji hafifu. Omba punguzo, lakini usiuchukulie kuwa ushahidi wa mkono. Chapa hata mwigaji anaweza kuipiga.

Nyumbani, ifue kwa mkono, maji baridi na sabuni laini, bila dawa ya kung'arisha yenye klorini. Anika kivulini. Pasi ipite upande wa ndani, nguo ikiwa juu ya taulo nene, la sivyo phanda zitabonyea.